Kweli Iliyomwinamisha Luqayti

Wametuhadithia waliotangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mcha Mungu aitwaye Luqayti, Mola amrehemu, aliyesifika kwa kutosema uongo kamwe. Sifa hiyo ilimpendeza kuliko alivyojua mwenyewe.

Alasiri moja Dhakwani, mshona matandiko ya farasi, aliingia nyumbani kwa Luqayti akihema. Alikuwa amemkemea liwali hadharani kwa kuwanyang'anya mayatima kisima chao, na sasa askari walikuwa wakimsaka.

"Nistiri, ewe Sheikh," alisema. Luqayti akamficha katika chumba cha ndani.

Punde askari wakabisha hodi. Mkubwa wao akatoa salamu kwa adabu, akasema, "Ya Sheikh, hatutaipekua nyumba yako. Neno lako latutosha. Dhakwani yumo humu?"

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni wakimtazama. Luqayti akajibu, "Yumo."

Dhakwani akaburutwa mbele ya macho yao. Jirani mmoja akasema, "Mashaallah, huyu ndiye mkweli!"

Walipotawanyika, mkewe, Bi Umayma, akatoka nyuma ya pazia. "Bwana wangu, lau ungenyamaza, ungekuwa umesema uongo?"

"La."

"Nao, walivyoahidi kutoipekua nyumba, wangekupiga tu, si zaidi?"

"Naam."

"Mtu amekuja kwako akiwa amana ya Mwenyezi Mungu, nawe umemtoa ili watu wasipate la kukusema."

Magharibi ile Luqayti hakuthubutu kusimama safu ya mbele msikitini, mahali pake pa siku zote. Aliswali nyuma kabisa, karibu na viatu.

Asubuhi akaenda kwa liwali. "Jana niliwakabidhi askari wako mtu asiye na hatia. Aliyoyasema kuhusu kisima ni haki, na mimi nayasema vilevile."

Liwali akaghadhibika, akaamuru naye atiwe gerezani. Luqayti alipofikishwa mbele ya Dhakwani hakuweza kuinua uso. "Nisamehe. Nilikutoa nipate kusifiwa."

Dhakwani akasogea pembeni ya jamvi. "Keti, Sheikh. Humu hakuna anayetutazama."

Walikaa humo kwa subira hadi liwali yule alipouzuliwa, mayatima wakarudishiwa kisima chao. Tangu hapo, kila alipoitwa mkweli, Luqayti alijifunika uso kwa ncha ya kilemba.

Ndugu yangu, kusema kweli ni ibada, na kumhifadhi aliyedhulumiwa ni ibada pia. Zikikutana mlangoni pako, itazame kwanza nia yako: je, ni radhi ya Mola unayoitaka, au ya majirani?