Mstari wa Jini Kashkari

Katika dola ya Balkhadi, ambayo mji wake mkuu ulijengwa baina ya milima miwili, alitawala Sultani Sharwani, mtu wa hazina na haiba, na Mungu alimruzuku wana wawili, Shahdadi na Nadiri. Alipofariki, kila mmoja alikitaka kiti, na mawaziri walipoona panga zinanolewa wakaitoa pete ya marehemu, wakaisugua, na mara akahudhuria jini Kashkari, mtumwa wa pete, kimo chake kama mnara.

"Amrini, mabwana zangu," akasema.

Shahdadi, aliyekuwa mkubwa, akamwambia, "Igawe nchi sawasawa, na uwatenge watu wangu na watu wa ndugu yangu, wasivukiane."

Jini akainama, akaburura ukucha juu ya ardhi tangu mlima hata mlima, na mstari ukapita katikati ya soko, wafua shaba wakabaki mashariki kwa Shahdadi, na watia rangi magharibi kwa Nadiri.

Siku hiyo Dilshadi, binti mtia rangi, alikuwa amebakiza siku tatu aolewe na Firuzi mfua shaba, na maduka yao yalitazamana. Aliposikia mtikisiko alitoka mbio kumwendea, akaukanyaga mstari, na papo hapo akajikuta mlangoni kwake mwenyewe. Akarudia, ikawa vile vile. Na ng'ambo Firuzi alikuwa akihangaika hivyo hivyo, na midomo yake ikienda, lakini sauti haikuvuka.

Basi wakajifunza kusomana midomo. Kila asubuhi Firuzi husimama mlangoni, mkono kifuani, akasema, "Umeamkaje, roho yangu?" na Dilshadi humjibu, na kwa neno hilo hushinda siku nzima. Wachumba wengine walikuja, akawakataa kwa adabu.

Kisha Nadiri akaamuru watu wake wavae buluu wapate kujulikana, na Shahdadi akaamuru wake wavae nyekundu. Magharibi yote hapakuwa na mjuzi wa nili kama Dilshadi, kwa hiyo ni yeye aliyewavika majirani zake rangi hiyo, na mikono yake ikawa buluu hata viwikoni. Zikafuata salamu mpya, na maneno mapya, na vyuoni watoto wakafundishwa kwamba wale wa ng'ambo tangu zamani ni wageni.

Mwaka wa tisa, asubuhi moja, Firuzi alitoka na joho jekundu, akaweka mkono kwenye paji la uso badala ya kifua, akasema neno ambalo Dilshadi hakulitambua. Akalirudia mara tatu, na mara tatu halikumwingia. Dilshadi akarudi ndani akalia kilio ambacho hata siku ya mstari hakukilia.

Alipokwisha kulia alimwendea Kashkari, aliyekuwa akizunguka mpakani bila kupumzika.

"Bwana wangu," akasema, "nina haja ng'ambo."

"Binti, hata mimi nina kwetu, nyuma ya Mlima Kafu, na sijapaona tangu siku ile. Lakini nimefungwa na maneno ya amri."

"Nisomee kama yalivyotamkwa."

"Watenge watu wangu na watu wa ndugu yangu."

"Siku yalipotamkwa nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilizaliwa chini ya nani?"

"Chini ya Sharwani."

"Basi mimi ni mtu wa Sharwani. Nani aliyekuamuru unizuie?"

Jini akauinamia mstari wake. "Hakuna," akasema. "Na miaka yote hii, kila aliyenijia alisema yeye ni wa Nadiri, au yeye ni wa Shahdadi. Pita, bibi."

Akapita. Watu wenye nyekundu wakampisha kama apishwavyo mgonjwa, naye akaenda hadi kwa Firuzi, ambaye nyundo ilimponyoka mkononi.

"Sema polepole," Dilshadi akamwambia. "Nitakuzoea."

Wakaoana, na karamu ikadumu siku saba. Wengine waliozaliwa kabla ya mstari nao wakajitaja watu wa Sharwani, wakaanza kuvuka na bidhaa zao, na nyumba ya Dilshadi ikatajirika. Akazaa binti, Gulnari, na siku ya arubaini akambeba ampeleke ng'ambo kwa bibi yake, mamake Dilshadi. Alipoukanyaga mstari mikono yake ikawa mitupu, na mtoto akaonekana akilia nyuma, kizingitini kwa Firuzi.

"Huyu amezaliwa chini ya Shahdadi," jini akasema, naye hakuweza kumtazama.

Basi bibi ndiye aliyevuka kila Ijumaa, akampakata mjukuu kwa miaka mitano, hata miguu ikamshinda, na mwaka uliofuata akafariki. Dilshadi akaenda kumzika peke yake. Aliporudi, Gulnari, mwenye umri wa miaka sita, alimpokea kwa salamu ya mkono pajini.

"Mama, bibi alikuwa mtu wa kule?"

"Alikuwa mtu wa hapa, mwanangu," Dilshadi akasema. "Alipozaliwa, kote kulikuwa hapa."

Mtoto akatazama ng'ambo, akawaona watu wenye buluu wakitoka makaburini, na hakumjua hata mmoja.

Haya ndiyo yaliyomfika Dilshadi wa Balkhadi, nasi tumeyasimulia ili anayeulizwa ni mtu wa nani asifanye haraka kujibu.