Mikono ya Ukumbi wa Pili

Mmemsikia mama yenu akisema, "Usihesabu ndimi, hesabu mikono," mkanigeukia mimi. Hamkukosea mlango. Methali hii ilianza hivi, na birika nililishika mimi.

Nilikuwa napika chai katika idara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja. Chai huingia kila chumba, na habari hutoka nayo. Siku hiyo kamati ilikuwa inaamua kama Dakta Tunsume apandishwe cheo au mkataba wake uishie hapo. Kipimo chao kilikuwa kutajwa: msomi akiandika, humtaja aliyechota elimu kwake, na kompyuta huhesabu.

"Miaka kumi na mmoja, umetajwa mara nne," akasema Profesa Lugendo, mwenyekiti. "Na mara mbili umejitaja mwenyewe."

Wakacheka. Dakta Tunsume, mtoto wa watu, akakitazama kikombe tu.

Mezani palikuwa na kazi yake, jedwali la kiasi cha mionzi ya eksirei kinachomfaa mtoto kulingana na uzito wake. Nikaliona nikimimina chai. Karatasi ile nilikuwa nimetoka kuiona ukumbi wa pili, kwenye semina ya mafundi wa eksirei wa hospitali za wilaya.

"Samahani, Profesa. Hiyo karatasi wanayo ukumbi wa pili."

"Mama Chausiku, wewe mimina chai."

"Namimina. Lakini wanayo."

Akainuka ili anikomeshe mbele za watu, kamati nzima na Dakta Tunsume nyuma yake. Mlangoni mwa ukumbi wa pili akaliinua jedwali. "Nani anatumia hii?"

Ukumbi mzima ukanyoosha mikono. Watu arobaini na sita.

"Imeandikwa na nani?"

Mikono ikashuka, mmoja mmoja.

"Hatujui, mzee," akasema binti wa mbele, akiifungua yake iliyochakaa kwa kukunjwa. "Nilitoa kopi ya mwenzangu, naye ya mwenzake. Jina lilikuwa ukingoni, likakatwa. Ila mtoto hapigwi picha kwangu kabla sijaitazama hii."

Nikamgeukia Dakta Tunsume nikidhani nitamkuta anatabasamu. Alikuwa ameshika ukuta. Miaka yote aliamini jedwali lake limefia kabatini.

Tuliporudi chai ilikuwa imepoa, na hakuna aliyelalamika. Profesa akaivuta fomu ya cheo, akaitia sahihi, akasema kama mtu aliyezabwa kofi, "Jamani, tulihesabu ndimi. Tungehesabu mikono."

Maneno hayo nilifika nayo jikoni, na kabla ya saa kumi idara zote zilikuwa nayo. Basi ndiyo hiyo: usihesabu ndimi, hesabu mikono.