Mkono wa Mzee Mihayo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na mwenye mahindi mdomoni ameze kwanza, maana leo sichekeshi.

Hapo kale, kijiji kimoja kilimpima mtu kwa mkono. Mkarimu aliitwa mkono wazi. Bahili, mkono wa birika. Mfiwa alipewa mkono wa pole. Na mwizi? Mwizi aliitwa mkono mrefu, na aliyepewa jina hilo hakushikwa mkono tena, msibani wala harusini.

Mwamuzi wao alikuwa Mzee Mihayo. Mwaka mmoja mbegu za mtama zilipungua ghalani. Mlinzi wa ghala alikuwa mjane, jina lake Nyamizi. Mihayo hakuchunguza. Alisimama mbele ya watu akasema, "Nyamizi ana mkono mrefu."

Basi. Nyamizi akalima peke yake, ti! ti! ti! Akafiwa na mwanawe wa pekee, na hakuna aliyempa mkono wa pole. Hapo mimi huwa nashindwa kumpenda mzee huyu.

Mwaka wa tatu mvua ikaangusha ukuta wa ghala, puu! Makapi ya mtama yakamwagika, mwaa! Kumbe panya buku walikuwa wamechimba humo ukutani na kuzificha mbegu zilizopotea, wakazila humo humo.

Wazee wenzake wakamshauri Mihayo akamwombe mjane radhi kimyakimya, asijivunjie heshima. Akakataa. Siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, akamnyooshea Nyamizi mkono.

"Mama, nilikuchafua mbele ya hawa. Huna kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Nyamizi akautazama ule mkono. "Mwanangu nilimzika peke yangu," akasema, akaenda zake.

Soko lililofuata mzee akanyoosha mkono. Hakupewa. Soko lingine akanyoosha. Hakupewa. Masika yakaja, kiangazi kikaja, yeye ananyoosha tu. Vijana wakamcheka, wala hakujificha.

Mwisho akaugua. Watu wakaja kumuaga, na Nyamizi akaja. Mzee akajaribu kuunyoosha mkono, ukamshinda, ukaanguka kitandani. Nyamizi akauchukua kwa mikono yake miwili.

"Nimeupokea, baba," akasema. Wakalia wote wawili.

Wanangu, ukimchafua mtu hadharani, msafishe hadharani, hata kama hataki kukutazama. Hadithi yangu naitua hapo, nami nimechoka.