Bangili ya Mwaka Mzima

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Pakawa na mama, pakawa na mto, pakawa na bembea ndefu kuliko mivule.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokuwa wakikutana njiani na kuulizana habari za nyumbani, aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Sikudhani. Chungu chake ukikigonga kwa ukucha kililia kama kengele. Nyumba yake ilikuwa karibu na mto mpana, lakini mto wenyewe hakuupenda. Mumewe alikufa maji mwaka wa mafuriko, akivuka na mzigo wa vyungu kichwani, na tangu siku ile Sikudhani hakutia mguu majini. Hata maji ya kulainishia udongo alichotewa na binti yake wa pekee, Chaurembo.

Chaurembo akakua, akaposwa, akaolewa ng'ambo ya pili. Siku ya kuondoka alipanda mgongoni kwa Kiboko, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha watu, akamwambia mama yake kwamba nyumba ya mumewe iko chini ya kilima chenye mabega mawili. Sikudhani akasimama ukingoni akitazama. Kwa mbali Kiboko akawa jiwe, akawa kokoto, akawa si kitu. Ng'ambo palikuwa na matete marefu, na nyuma ya matete hakuna jicho lililoweza kupita.

Mwaka ukapita, na mwingine ukapita. Chaurembo akatuma salamu kwamba amejifungua mtoto wa kike, na kwamba mama aje amwone. Sikudhani akajibu kwamba atakuja maji yakipungua. Maji yakapungua, hakwenda. Chaurembo akatuma salamu tena: mtoto anatambaa, mama aje. Sikudhani akajibu kwamba atakuja baada ya mvua. Mvua zikaisha, hakwenda. Salamu za tatu hazikuja.

Basi mwaka huo Tembo alijenga Bustani ya Bembea. Alisimamisha gurudumu la miti, refu kupita mivule yote, akalitundikia bembea kumi na mbili, na nyati wawili wakawa wanalizungusha tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Chini kulikuwa na ngoma za kima, mteremko wa kutelezea watoto, na vibanda vya kuuzia maji ya ukwaju kwa bei ambayo nje ya ukuta ungenunulia mtungi mzima. Mlangoni alikaa Nungunungu. Kila mtu alilipa kwa kazi ya mkono wake: mkulima kibaba cha mtama, msusi wa mikeka ukili wake, mfinyanzi chungu chake.

Sikudhani hakuwa mtu wa michezo. Lakini alimsikia msusi mmoja sokoni akisema kwamba ukifika juu kabisa unaona mto wote, na matete yote, na nchi ya ng'ambo mpaka vilimani. Sikudhani akaacha biashara yake pale pale, akachukua chungu kimoja, akaenda.

"Siku moja, chungu kimoja," Nungunungu alisema.

Sikudhani akakitoa, akaingia. Hakutazama ngoma, hakutazama mteremko. Akakaa kwenye bembea, akashika kamba, nyati wakazungusha. Bembea ikapanda. Akauona mto, mwembamba kama mshipi. Ikapanda. Akayaona matete, na mashamba nyuma ya matete. Ikapanda tena. Akakiona kilima chenye mabega mawili, na chini yake uzi mmoja wa moshi ukienda juu taratibu.

"Mwanangu anapika," alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Bembea ikashuka. Akapanda tena, akashuka tena, mpaka nyati walipofunguliwa na watu wakaambiwa watoke.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Kufinyanga chungu kimoja kizuri kulimchukua siku tatu, na kila siku ya tatu alikipeleka mlangoni. Sokoni hakuonekana tena. Chumvi ikamwishia, paa likavuja, na majirani wakaanza kumletea mboga bila kumwambia kwa nini.

Wakati wa mavuno watu wakawa wengi, na Nungunungu akamwambia kwamba leo ni vyungu viwili. Wakati wa sikukuu akamwambia kwamba leo ni vitatu. Sikudhani akauliza bei imepandishwa na nini, ikiwa mlango ni ule ule na bembea ni ile ile. Nungunungu akamjibu kwa upole kwamba bei haipandishwi na bembea, hupandishwa na watu waliosimama nyuma yako. Kisha akafungua kikapu, akamwonyesha bangili ya shaba.

"Mwaka mzima, vyungu thelathini," alisema. "Uje leo, uje kesho, uje kila siku. Hakuna atakayekuuliza."

Sikudhani akapiga hesabu njia nzima. Vyungu thelathini ni siku tisini, na siku tisini bila kuuona ule moshi zilimtisha. Lakini mwaka mzima ulikuwa mrefu zaidi, na ulimwita. Akaanza kazi.

Alikuwa na jirani, Mwantumu, ambaye siku moja alikuja kumsaidia kupanga kuni za kuchomea. Alipoviona vyungu vilivyojaa uani, Mwantumu akauliza ni vya nini, akaambiwa. Kisha akasema kwamba Kiboko huvusha mtu kwa vyungu kumi, na kumrudisha kwa kumi. Kwa vyungu hivi Sikudhani angekwenda, angerudi, na kumi vingebaki vya kumtunza mjukuu.

"Mto naujua," Sikudhani alisema.

Wakaendelea kupanga kuni.

Siku ya tisini na moja Sikudhani alivaa bangili. Waliovaa walikuwa wengi: Sungura alikuwa nayo, Pundamilia alikuwa nayo, hata Kobe alikuwa nayo. Sungura alikuja mara tatu, kisha akasema bustani haihami, atakwenda kesho, na ile kesho yake ikawa haifiki. Pundamilia hivyo hivyo. Kobe alifika mara moja tu, na alipofika ilikuwa jioni. Tembo alitajirika kwa bangili za wasiokuja. Sikudhani peke yake alikuja kila siku, hata Nungunungu akamlalamikia Tembo kwamba mama huyu anamaliza kiti. Tembo akajibu kwamba alichouza amekiuza.

Akapanda asubuhi, akapanda mchana, akapanda jioni. Akajua tabia za ule moshi kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani mwako. Moshi ukiwa mzito alisema, "Leo kuni zake mbichi." Ukichelewa alisema, "Mtoto hakulala vizuri." Ukipanda siku nzima alisema wana wageni, akafurahi kwa ajili ya wageni hao asiowajua. Lakini kila aliposhuka, alishuka na njaa ile ile aliyopanda nayo. Siku nyingine alinyoosha mkono juu ya mto, kama mtu anayetaka kufikia kitu rafuni, kisha akaurudisha akaukalia.

Mwezi wa nane wa bangili, moshi haukuonekana. Sikudhani akajiambia wamekwenda shamba. Siku ya pili haukuonekana, akajiambia upepo unautawanya. Siku ya tatu alipanda tangu gurudumu lilipoanza mpaka liliposimama, na chini ya kilima hapakuwa na kitu.

Akamwendea Nungunungu, akavua bangili, akaiweka mbele yake. Akamwambia imebaki miezi minne, amrudishie vyungu kumi tu, vya kumlipa Kiboko. Nungunungu akamwambia sheria ya Tembo: bangili hairudishwi, haiazimwi, haiuzwi. Lakini miiba yake ilikuwa imelala.

"Mama," alisema, "mimi hapa nauza kutazama. Kufika siuzi."

Sikudhani akarudi nyumbani. Uani palikuwa na vyungu sita. Akaongeza chungu chake cha wali, akaongeza cha mboga, akaongeza mtungi wa maji, akaongeza kile kidogo alichokuwa akichomea ubani mumewe alipokuwa hai. Vikawa kumi. Asubuhi akamwita Mwantumu, wakavibeba wote wawili mpaka mtoni.

Kiboko alipowaona alitoka majini. Sikudhani akamwambia ukweli: kwamba anaogopa, na anaogopa kwa sababu gani. Kiboko akainamisha kichwa. Akasema kwamba mwaka ule wa mafuriko alikuwepo, aliusikia ukelele wa mumewe, na maji yalikuwa na nguvu kumshinda.

"Nilimtafuta siku tatu," alisema Kiboko. "Sikuwahi kuja kukwambia. Niliona haya."

Miaka yote ile Sikudhani aliamini kwamba hakuna aliyemtafuta. Akakaa juu ya mchanga akalia, na Mwantumu akamshika bega, na Kiboko akangoja. Kisha Sikudhani akainuka, akapanda mgongoni.

Maji yakafika kisiginoni, akafumba macho. Maji yakafika magotini, akalitaja jina la mumewe. Maji yakafika kiunoni, akalitaja jina la binti yake, akalitaja na kulitaja, mpaka alipohisi Kiboko anakanyaga ardhi.

Akashuka, akapita matete, akapita mashamba, akafika chini ya kilima chenye mabega mawili. Pale palikuwa na kibanda kimoja, tanuri la mkaa lililozimika, na mzee amelala juu ya mkeka akitetemeka. Huyo alikuwa Ngwali, mchoma mkaa. Homa ilikuwa imemlaza siku tatu. Sikudhani akamuuliza nyumba ya Chaurembo iko wapi. Mzee akasema iko upande wa pili wa kilima, mwendo wa nusu siku, na kwamba upande huu hajawahi kukaa mtu ila yeye.

Sikudhani akalitazama lile tanuri. Zile kuni mbichi zilikuwa za mzee huyu. Zile asubuhi za kuchelewa zilikuwa za mzee huyu. Wale wageni hawakuwepo, lilikuwa tanuri tu linafuka.

Akamweleza yote, juu ya bembea na juu ya miezi minane. Alidhani mzee atacheka, lakini hakucheka.

"Kumbe nilikuwa na mtu anayeniuliza hali kila siku," Ngwali alisema. "Na mimi nikidhani nikifa nitajulikana kwa harufu."

Mguu wa Sikudhani ulikuwa unamvuta kwenda upande wa pili. Lakini aliwasha moto, akatafuta unga, akampikia mzee uji, akamnywesha mpaka jasho likamtoka na mtetemo ukapungua. Akamwekea maji karibu. Ndipo akashika njia ya kuzunguka kilima.

Jua lilikuwa limeinama alipoiona nyumba. Uani kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi anayefuata kuku. Mtoto alipomwona mgeni alikimbilia jikoni, akajificha nyuma ya mama yake. Chaurembo akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, na amejifunza kusimama kama wanawake wa nchi ile, mkono mmoja kiunoni. Alimtazama mama yake usoni, kisha akatazama nguo yake iliyokaukiwa na tope la mto, akaelewa amekuja vipi.

Sikudhani alikuwa na maneno ya miaka mingi. Aliyasema juu ya bembea, aliyasema kwa moshi, aliyasema kwa udongo. Sasa lilimtoka moja tu.

"Nimechelewa," alisema.

"Umechelewa, mama," alijibu Chaurembo. "Lakini chakula hakijapakuliwa. Ingia."

Sikudhani akainama mlangoni, akaingia.

Hadithi yangu ilikuwa inafuata nyayo za mama huyu, na mimi sikualikwa kula. Kwa hiyo imeishia hapo, nje, mlangoni kwa Chaurembo.