Jirani Aliyeacha Kupiga Hodi

Hii imfikie kila mwenye jirani, na sijui ni nani hana.

Palikuwa na fundi cherehani aitwaye Sikudhani, mpangaji wa chumba kimoja cha uwani. Nyumba ya mbele alikaa mwenye nyumba wake, Bi Mwanakombo, mwalimu mstaafu na mjane, ambaye wanawe wote wako mbali. Kila alipotaka kupika wali wa nazi, Sikudhani alipiga hodi kwake kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na kuazima kwenyewe kulichukua saa nzima kwa maongezi.

Siku moja alikwenda kumtundikia mapazia. Ubavuni mwa kabati akaona karatasi yenye nenosiri la waifai. Akalishika kichwani.

Tangu hapo akawa anakaa juu ya ndoo kando ya bafu, mahali pekee mtandao ulipofika, akijifunza kwa video kukata suti. Hakujiona mwizi. Chumvi ukiichota inapungua, hii si hewa tu? Lakini aibu ilimzuia kumtazama bibi wa watu usoni. Mwishowe akanunua mbuzi yake mwenyewe.

Miezi minane ikapita. Chuo cha ushonaji kikamwita kwenye usaili wa nafasi ya kusomeshwa bure, kwa video, saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu akakaa juu ya ndoo, akafungua simu. Nenosiri limebadilishwa! Na mfukoni hakuwa na hata pesa ya bando.

Akaenda nyumba ya mbele, akapiga hodi.

"Shikamoo, Bi. Nimekuibia waifai miezi minane. Leo nina usaili, nimekwama. Ukinifukuza, nastahili."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

"Bi, umenisikia nilichosema?"

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Fundi wa mtandao alinionyesha jina la simu yako. Akaniambia hilo ni kosa kisheria, akanitaka niende kushitaki. Nikamuuliza, nikifika polisi nitasema nimeibiwa kitu gani, na mie mwenyewe sijui kinafananaje?"

Akanyoosha kidole. Kisanduku cha waifai kilikuwa dirishani mwa jikoni, kimeelekea uwani.

"Nilikihamishia pale nilipokuona unahangaika na ndoo huku na huko kutafuta mtandao."

Sikudhani akaangua kilio. "Sasa mbona umebadilisha nenosiri?"

"Kwa sababu hukuja tena. Waifai uliitumia, sikupungukiwa. Hodi yako ndiyo niliyoikosa, mwanangu, nimekaa humu ndani peke yangu. Nikasema, nikifunga atakuja. Ningejua una usaili leo, ningefunga kesho. Haya, kaa kwenye kiti, futa machozi, hao watu wa chuo wasije wakadhani umefiwa."

Nafasi aliipata. Nguo ya kwanza aliyoshona chuoni ilikuwa gauni la Bi Mwanakombo, na hadi leo akilitaja jina la bibi huyo anaongeza dua.

Mbuzi yake mpya ipo uvunguni, imejaa vumbi. Akitaka kukuna nazi, anakwenda kuazima.

Funzo: Unachotaka kukichukua kwa siri, kiombe kwa mdomo wako. Huenda mwenyewe alishakupa zamani, anachongoja ni hodi yako tu.