Mwaridi wa Shaame

Palikuwa na Sultani aliyeitwa Nasibu bin Kombo, na Jumatatu, siku ya tisa ya Mfunguo Saba, saa mbili asubuhi, alitaka jina la mtu aliyekufa.

Jina lenyewe lilikuwa la Shaame, mtunza bustani, marehemu mume wa Bi Zuwena. Miaka kumi na mmoja Shaame alichovya unyoya wa kuku katika ua la mwaridi huu, akaupaka katika ua la mwaridi ule, akapanda mbegu, akangoja. Watu walimcheka. Mwaka wa kumi na mbili ukachipua mwaridi ambao hakuna aliyepata kuuona. Haukukaa kichaka kama wenziwe, ulipanda. Ulipanda ukuta, ukapita dirisha, ukafika juu ya paa, na kila pingili ikatoa waridi jekundu lenye harufu ya kumsimamisha mpita njia. Shaame aliliona ua la kwanza siku ya Jumanne. Alhamisi wakamzika.

Hawakujaliwa mtoto. Hilo ndilo lililomkaa Bi Zuwena kooni: mtu asiyeacha mtoto, nani atamwombea? Basi maua hakuyauza. Mwenye harusi, mwenye maulidi, mwenye mgonjwa, wote walikuja wakachuma, na bei ilikuwa moja. Asimame mtu chini ya mwaridi, aseme kwa sauti, "Mungu amrehemu Shaame." Mji mzima ukawa watoto wa Shaame.

Asubuhi hiyo Sultani aliuliza, "Kitu kizuri kuliko vyote katika mji wangu kinaitwaje?" Wakamwambia, "Mwaridi wa Shaame." Chai ikamshinda kunywa.

Saa tatu mpiga mbiu alikuwa mlangoni kwa Bi Zuwena.

"Sikilizeni! Kila linapotajwa jina la Shaame juu ya mwaridi huu, litajwe la Sultani Nasibu. Atakayelitaja la Shaame, fimbo kumi na mbili!"

Bi Zuwena alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini, polepole.

"Kila linapotajwa, mwanangu?"

"Kila linapotajwa, mama. Nimeambiwa hapo nikazie."

"Haya. Amri ni amri."

Jioni wakaja wanawake wa harusi, wapata arobaini, kutaka maua ya kitanda cha bibi harusi. Bi Zuwena akawasomea amri kama ilivyo. Wakajipanga chini ya mwaridi, wakapaza sauti: "Mungu amrehemu Sultani Nasibu!"

Jumanne wakaja wengine. Jumatano mshoni wa Sultani aliliacha joho lake mkono mmoja haujaisha. Alhamisi watu wa mashamba ya mbali walisoma hitima, wakala ubwabwa, wakalala. Ijumaa asubuhi shemeji yake Sultani, liwali wa mji wa pili, alibisha hodi akiwa na sanda ya bafta kwapani na swali moja: "Kiti kimebaki kwa nani?" Aliyemfungulia mlango ni Sultani mwenyewe. Ndani, mke wake mdogo alikuwa ameshavaa nguo za eda, na kuzivua hataki.

Sultani akatoka kwa miguu hadi kwa Bi Zuwena, askari nyuma, kadhi nyuma ya askari, mpiga mbiu nyuma ya kadhi. Watu walijaa njiani. Wengine walimtazama nyayo kama zinagusa chini.

"We mwanamke, mbona unanizika?"

"Mimi, Maulana? Hata jembe sina."

"Mji mzima unaniombea rehema!"

"Yuko aliyekuombea laana? Nionyeshe, nimfukuze."

"Dua hiyo ni ya maiti!"

"Kadhi huyo hapo. Muulize kama aliye hai haihitaji rehema ya Mungu."

Kadhi akatazama viatu vyake. "Anaihitaji, Maulana. Mwenye kutawala anaihitaji zaidi."

"Basi napiga marufuku!"

"Sawa kabisa. Mpiga mbiu, tangaza: Sultani Nasibu amekataza watu wasimwombee rehema kwa Mungu."

Mpiga mbiu akaificha pembe yake nyuma ya mgongo.

"Ung'oeni!" Sultani akanguruma.

Bi Zuwena akawageukia askari. "Mnang'oa nini, wanangu? Litajeni jina lake, amri inavyotaka."

Mmoja alikuwa ameshainua jembe. "Tunang'oa mwaridi wa Sultani Na..." Akaliteremsha jembe. "Maulana, mimi nina familia."

Sultani akakaa barazani. Akapangusa uso. Alipofungua kinywa tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Bi Zuwena, unataka nini?"

"Sikuja kwako kutaka kitu, Maulana. Jina ulilifuata mwenyewe."

"Nalirudisha. Piga mbiu, we, umesimama nini!"

Mbiu ikapigwa: mwaridi ni wa Shaame, tangu leo na siku zote, na fimbo hakuna. Bi Zuwena akafumba macho. Midomo ikamtikisika kidogo, bila sauti. Kisha akayafumbua.

Sultani akainuka, akakohoa. "Sasa nipe ua moja nimpelekee mke wangu. Pengine akiliona atasadiki kuwa mimi ndiye mimi."

Bi Zuwena akachagua lililo kubwa, akalikata kwa kisu, akatoa miiba mmoja mmoja, akamnyooshea. Sultani akashika kikonyo. Bi Zuwena hakukiachia.

"Bei yake unaijua, Maulana."

Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto. Kote shingo zilikuwa zimenyooka. Akainama, akanong'ona:

"Mungu amrehemu Shaame."

Bi Zuwena bado ameshika.

"Kwa sauti, Maulana, mji upate kujua aliyekufa ni nani."