Unga wa Kukausha Banda

Masika yalipolowesha mabanda ya kuku, tajiri Shekiondo alianza kuuza unga wa kukausha banda, mfuko mmoja kwa bei ya majogoo wawili.

"Maranda ya mbao ni uchafu wa maskini," Shekiondo alimbeza Namkunda, mfugaji mdogo aliyetandaza maranda bandani mwake, mbele ya wateja.

"Kweli, bosi, sisi washamba tumechelewa. Unga hauna madhara?"

"Hata kifaranga akiudonoa!"

"Basi nipe mifuko mitano. Ila vifaranga wangu hawajazoea anasa. Walete wako walale kwangu juu ya unga wiki moja, wangu walale kwako."

"Unataka kuniulia kuku?" Shekiondo akafoka.

Wateja walirudisha mifuko, wakaelekea kwa seremala kuchukua maranda. Mbele ya foleni walimkuta mke wa Shekiondo, na magunia matatu.